Bei ya mlangoni

Mama yangu ana madaftari saba ya hesabu za nyumba, ameyafunga kwa kitambaa kimoja na kuyaweka chini ya kitanda chake, katika komine (sehemu ya mji) ya Katuba, mjini Lubumbashi, nchini Kongo (DRC). Hamna ukurasa hata mmoja alipoandika bei ya unga, ya makala (makaa ya moto) wala ya sombe (majani ya muhogo), kwa sababu vitu hivyo, kama anavyosema mwenyewe, huliwa vikaisha na hakuna anayekuja kudai habari zake. Aliyoyaandika ni mambo mawili tu, kila moja katika safu yake: kushoto shule, kulia dawa. Daftari la kwanza linaanza mwaka 1992. Siku moja nilimuuliza liko wapi daftari la miaka ya nyuma, maana mimi na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tulikuwa tumekwisha kuzaliwa na tuliugua kama watoto wengine. Akanijibu, "Mwanangu, zamani hizo ningeandika nini?"

Jibu hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, hasa kwa sababu ya kazi ninayoifanya. Nilisomea uchumi katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na kwa miaka tisa sasa ni mshika fedha wa kituo kimoja cha afya cha mji huu. Yaani mimi ndiye ninayeketi nyuma ya dirisha dogo ambalo mgonjwa hana budi kulipitia kabla hajamwona muuguzi. Mama mwenye mtoto wa homa mgongoni hunipa faranga zilizokunjwa mara nne, zenye joto la mwili wake, nami huzihesabu, hukata risiti, kisha humwonyesha benchi la kungojea. Wapo pia wanaofika hadi dirishani, wakaisoma orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, wakarudi walikotoka bila kusema neno. Hao hawamo katika takwimu yoyote ninayoipeleka kila mwisho wa mwezi kwenye ofisi ya zone (wilaya) ya afya, kwa sababu fomu ina nafasi ya waliotibiwa na nafasi ya waliofariki, lakini haina nafasi ya walioondoka.

Kwa hiyo ninapozungumzia uchumi wa afya na elimu katika nchi zenye kipato kidogo, huanzia hapo dirishani. Matibabu na masomo hayajawahi kuwa bure mahali popote duniani: daktari anakula, mwalimu anapanga nyumba, dawa inatoka kiwandani ikiwa na bei yake. Linalotofautiana kati ya nchi na nchi, na kati ya zama na zama hapa kwetu, ni nani anayelipa na analipa lini. Dola iliyochangwa na watu wengi kabla ugonjwa haujabisha hodi, na dola iliyotafutwa na mtu mmoja usiku ambao mtoto wake anatetemeka, zina namba ileile juu ya noti, lakini hazina uzito mmoja. Hiyo ya pili mimi huiita bei ya mlangoni, na nimekuja kuamini kwamba hakuna bei iliyo ghali kuliko hiyo.

Baba alifanya kazi katika kampuni moja ya hapa mjini, isiyokuwa kubwa, lakini iliyofuata desturi ya kampuni kubwa za Katanga. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kawaida. Uzito wake ulikuwa katika yale yaliyoufuata: nyumba ya kambi, posho ya unga kila mwezi, shule ya watoto, na zahanati ambako mama alipokelewa kwa uzazi wa watoto wake wawili wa kwanza bila kuulizwa chochote ila namba ya kazi ya mumewe. Desturi hiyo ilikuwa imeanzia Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoundwa mwaka 1906, na baada ya mali zake kutaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 iliendelezwa na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wazee wa mji huu bado husema kwamba Gécamines ilikuwa baba na mama, na wanaposema hivyo hawana mzaha.

Lakini inafaa kukumbuka desturi hiyo ilitoka wapi, kwa sababu ndani yake mna somo la uchumi ambalo vitabu vingi hulieleza kwa mifano ya mbali. Katika miongo yake ya kwanza, Union Minière ilitegemea vijana walioandikwa kazi katika nchi za mbali kwa mikataba mifupi, wakiwa peke yao, bila wake zao. Vichomi, homa ya matumbo, na yale mafua makuu ya mwaka 1918 viliwaua wengi, na kila aliyekufa au aliyetoroka ilibidi atafutwe mwingine, asafirishwe, alishwe, afundishwe kazi upya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia: mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kuishi kambini na mke na watoto, nyumba za uzazi zikajengwa, watoto wakapimwa uzito, na shule zikaendeshwa pamoja na wamisionari Wabenediktini. Kambi zilikuwa na amri kali, na elimu waliyopewa watoto wa Kiafrika iliwekewa mpaka ili wasivuke cheo kilichokusudiwa. Sitamani hata kidogo mambo hayo yarudi. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa wakitafuta faida, wasiokuwa na huruma ya pekee kwetu, walipiga hesabu wakaona kwamba zahanati ni rahisi kuliko kaburi, na kwamba mtoto aliyesoma na kushiba ni fundi wa miaka ishirini ijayo. Ikiwa hesabu hiyo iliwatokea sawasawa wao, sioni kwa nini tunaambiwa leo kwamba matumizi ya afya na elimu ni mzigo ambao uchumi wetu haujawa na nguvu za kuubeba.

Udhaifu wa mpango ule ulikuwa mahali pengine: bima yote ya familia ilifungwa kwenye shingo ya kampuni, na kampuni ilifungwa kwenye bei ya shaba. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2003 hazikufika 20,000. Katikati ya namba hizo mbili kuna kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991, mashine zilizochakaa bila kubadilishwa, na vita. Shaba ilipoanguka, hospitali na shule zilianguka siku ileile na kwa sababu ileile, wakati ambapo familia zilizihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1992, mama alipofungua daftari lake la kwanza, alikuwa anapokea mikononi mwake hesabu ambayo hadi hapo ilikuwa ikifanywa na watu wengine.

Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipokea malipo ya mara moja wakarudi nyumbani. Kampuni ya baba nayo ilipunguza watu katika miaka hiyo, na baba alirudi na bahasha yake. Daftari la nne linaonyesha safari ya pesa hizo kwa kurasa tatu: mabati ya nyumba ya Katuba, ada za shule za watoto watatu kwa miaka miwili mfululizo, charahani ya kushonea ambayo mama aliinunua kwa fundi aliyekuwa akihamia Likasi, kisha, katika safu ya kulia, upasuaji wa yaya wangu ambaye utumbo wake ulitoboka kwa homa ya matumbo. Baada ya miezi kumi na tisa pesa zilikwisha. Wengine waliosimulia habari za wazee wale walisema kwamba hawakujua kutunza fedha. Nimezipitia kurasa zile mara nyingi kwa macho ya mtu aliyesomea mambo hayo, na sijaona faranga iliyochezewa.

Tatizo lilikuwa katika umbo la malipo yenyewe. Zahanati ya kampuni haikumpa kila mtu sawa: mwaka ambao familia haikuugua haikupata chochote, na mwaka ambao mtoto alipasuliwa ilipata thamani ya mishahara mingi. Hapo ndipo ilipo faida ya kuchangia pamoja, kwamba fedha humfuata aliyepatwa. Malipo ya mara moja hufuata miaka ya kazi, na ugonjwa hauangalii mtu amefanya kazi miaka mingapi. Ukimpa kila mfanyakazi kiasi kinacholingana na utumishi wake na kumwambia ajitegemee kwa matibabu, umemfungia kila mmoja peke yake pamoja na bahati yake. Walioepuka ugonjwa walijenga. Wale ambao ugonjwa uliwakuta waliuza walichojenga. Sisi tulibaki na mabati na charahani.

Kwa upande wa shule mambo yalikwenda kwa njia tofauti kidogo. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu mshahara wa kueleweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi na makanisa, ambayo tangu maafikiano ya mwaka 1977 yanaendesha sehemu kubwa ya shule za umma, walikubaliana kwamba wazazi watachanga kitu kidogo cha kumwezesha mwalimu asiache kazi. Ilisemwa kuwa ni msaada wa muda. Ulidumu karibu miaka thelathini. Tena pesa ile haikubaki yote shuleni: kila ofisi iliyokuwa juu ya shule ilikuwa na fungu lake, ngazi kwa ngazi, hata ikawa mzazi wa Katuba, akilipa minervali (ada ya shule) ya mtoto wake, analipa pia karatasi, mafuta na mara nyingine riziki ya mtu ambaye hatamwona maishani. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu watu hao, maana wengi wao nao hawakulipwa. Nasema kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mfumo ambao kila mtu aliulalamikia ulikaa muda mrefu hivyo: ofisi iliyopaswa kuiondoa ada ndiyo iliyokuwa ikiishi kwa ada hiyo.

Nilikuwa darasa la tano nilipokosa masomo kwa majuma matatu kwa sababu ya ada. Jina langu lilisomwa pamoja na mengine kumi na moja, tukachukua mifuko yetu tukatoka. Niliijua aibu siku hiyo, lakini hesabu niliielewa baadaye sana. Tulipotoka, mwalimu aliendelea na somo lilelile kwa waliobaki. Ubao ulikuwa uleule, chaki ileile, madawati yetu yakiwa matupu. Kutufukuza hakukuokoa hata faranga moja ya gharama. Kiti changu darasani, mwalimu akiwa amekwisha kufika na mlango umekwisha kufunguliwa, hakikuwa kinamgharimu mtu yeyote chochote, ila bei yake ilikuwa kubwa vya kutosha kunitoa nje. Katika masomo ya uchumi tunafundishwa kwamba bei ina kazi ya kuzuia upotevu. Pale bei yenyewe ndiyo iliyotengeneza upotevu: majuma matatu ya masomo ya watoto kumi na wawili, ambayo hayakumnufaisha mtu.

Katika afya, wazo la kumlipisha mgonjwa lilikuwa na watetezi wenye nia njema, na ni haki kuwasikiliza. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote; miaka michache baadaye madeni na masharti ya kubana matumizi vilizikausha bajeti, na zahanati za vijijini zikabaki na muuguzi asiye na dawa. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, na mpango uliotoka huko ulisema hivi: mgonjwa alipe kidogo, kamati ya wananchi iisimamie pesa hiyo, na dawa mpya inunuliwe kabla ya ile ya zamani kwisha. Zahanati yenye dawa za kulipia ni afadhali kuliko zahanati ya bure isiyo na kitu. Hoja hiyo naikubali hata leo, kwa kuwa nimeona rafu tupu. Lakini kilichokusudiwa kuwa nyongeza, kwetu kikawa chakula chenyewe. Vituo vingi hapa nchini, zone za afya zikiwa zaidi ya 500, hulipa sehemu ya posho za wauguzi kwa yale yanayoingia dirishani, na muuguzi anayekula kutokana na dirisha hujikuta, hata kama ana moyo mwema, anaandika sindano mahali ambapo kidonge kingetosha.

Kisha kuna jambo ambalo utafiti umelionyesha waziwazi. Wachumi Pascaline Dupas na Jessica Cohen walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, katika kliniki za wajawazito, kuhusu vyandarua vyenye dawa. Watu wengi wakati huo waliamini kwamba kitu cha bure hudharauliwa, kwa hiyo ni vizuri mtu alipe angalau kidogo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na wale waliopewa bure hawakukitumia kwa uchache kuliko walionunua. Senti 60! Nami nimewaona wakigeuka dirishani kwangu kwa kiasi kisichozidi sana hicho. Chandarua hakimkingi anayelala ndani yake peke yake. Mbu aliyekosa damu yenye malaria hana cha kumpelekea jirani. Anayekikosa kwa senti 60 hupunguza kinga ya mtaa mzima, na gharama hiyo haimo katika orodha ya bei yoyote.

Mwaka 2017 mdogo wangu wa kike alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Upasuaji ulifanywa vizuri. Mtoto ni mzima, na waganga wale nawashukuru. Lakini bili ilipotoka hatukuwa na pesa zote, naye akazuiliwa na mtoto wake kwa siku kumi na moja katika chumba cha nyuma, pamoja na akina mama wengine waliokwisha kuruhusiwa na daktari na bado hawakuruhusiwa na kasa, yaani dirisha la malipo. Kila siku ya kuzuiliwa iliongezwa kwenye bili. Alinipigia simu usiku wa tano akasema, "Yaya, nikikaa hapa hata kesho tena, deni litanizidi umri." Kitanda alichokilalia kilihitajiwa na mgonjwa mwingine, duka lake dogo lilikuwa limefungwa, na hospitali yenyewe haikuwa inapata chochote isipokuwa deni linalokua. Siku ya kumi na moja mama aliuza charahani.

Naliandika jambo hilo kwa uzito kwa sababu watu hulihesabu vibaya. Gharama ya upasuaji ule kwa familia yetu haikuwa kiasi kilichoandikwa kwenye bili. Ilikuwa pia mapato yote ambayo charahani ingeleta katika miaka iliyofuata, na kwa bei ya haraka, maana anayeuza siku ya kumi na moja hauzi kwa bei yake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2010, lilikadiria kwamba watu milioni 100 kila mwaka husukumwa chini ya mstari wa umaskini kwa kulipia matibabu papo kwa hapo, na likaeleza kwamba hatari hiyo hupungua hadi kuwa ndogo sana pale tu malipo ya mfukoni yanaposhuka hadi asilimia 15 au 20 ya matumizi yote ya afya. Kwetu sehemu hiyo ni takriban 4 kati ya 10. Mpango wa kujifungua bure ulioanza Kinshasa Septemba 2023, ukaendelea kupelekwa mikoani hatua kwa hatua, unalenga mahali panapouma kabisa, nami nautakia mafanikio kwa moyo wangu wote, mradi vituo vilipwe fidia yao kwa wakati. Kisipolipwa, kituo hurudi kumwangalia mgonjwa mfukoni.

Tumekwisha kuliona jambo hilo shuleni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilichukua miaka 13 maneno hayo yafike darasani: Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilifuta ada, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 za ruzuku na mikopo ili kuuimarisha mpango huo. Watoto walimiminika. Jirani yetu ni mwalimu. Kutoka wanafunzi 48 alijikuta na 97, watatu watatu katika dawati la wawili, huku yale waliyokuwa wakichanga wazazi, ambayo kwa shule ya mjini kama yake yalizidi mshahara wa serikali, yamekoma siku moja. Mwalimu wa kijijini, ambaye wazazi wa wanafunzi wake hawakuwa na cha kuchanga, hakupoteza kiasi hicho. Wa mjini alipoteza sehemu kubwa ya riziki yake. Walimu waliokuwa hawamo katika orodha ya malipo ya serikali hata mshahara huo mdogo hawakuwa nao. Waliogoma hawakuwa maadui wa watoto.

Leo jirani yangu hufundisha jioni nyumbani kwake, kwa malipo, baadhi ya watoto walewale anaowafundisha asubuhi. Wenye uwezo wamehamia shule za binafsi, na anayemaliza darasa la sita anakutana tena na ada katika sekondari. Bei ya mlangoni ilitolewa mlango wa mbele ikapita uani. Hata hivyo sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba ingekuwa bora ada ibaki. Watoto wale 49 walioongezeka hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa hapa mtaani, wakibeba ndoo na kuuza karanga, na tofauti ni kwamba sasa wanahesabiwa. Kosa lilikuwa kufuta malipo ya mzazi bila kuwa na uhakika wa malipo ya mwalimu, kana kwamba ada ilikuwa tabia mbaya tu na wala haikuwa ikifanya kazi ambayo mtu mwingine hana budi kuichukua.

Kuwa darasani, bila shaka, si kujifunza. Benki ya Dunia imekadiria kwamba kati ya watoto 100 wa nchi yetu waliofikia umri wa miaka 10, takriban 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Na zaidi ya 4 kati ya watoto 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Namba hizi mbili huwekwa katika wizara mbili, katika ripoti mbili, lakini mtoto ni yuleyule: aliyekosa chakula na dawa katika siku zake elfu moja za kwanza hufika darasa la kwanza akiwa nyuma, na hakuna kitabu kitakachomrudishia. Huko Busia, Kenya, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walionyesha kwamba dawa ya minyoo ya senti chache ilipunguza utoro shuleni kwa robo. Pesa ya elimu iliyonunua masomo mengi kwa bei ndogo namna hiyo ilitumika kwenye tumbo.

Wengine watauliza: pesa zitoke wapi? Mwaka 2001 tume iliyoongozwa na mchumi Jeffrey Sachs kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba huduma za lazima zingegharimu takriban dola 34 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka uleule, Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi chache mno zimewahi kuitimiza ahadi hiyo. Sisi, pamoja na misaada ya nje na faranga zote zinazopita madirishani, tunatumia takriban dola 20. Wakati huohuo nchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka na sehemu kubwa ya kobalti yote ya dunia. Anayekaa kando ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huyasikia malori usiku kucha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, wa asilimia 3.5 kwa shaba, na kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati ukawa asilimia 10. Katika mrabaha huo, asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 mkoani, 15 katika eneo lenye mgodi, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Ni mgawanyo mzuri kwa maandishi. Ila bei ya shaba hupanda na kushuka, na mji huu umekwisha kuonyesha yanayotokea hospitali inapofungwa kwenye bei hiyo. Mapato ya miaka ya neema lazima yawekwe akiba ya kulipia wauguzi wa miaka ya shida.

Na lazima yafike. Uganda, kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea asilimia 13 tu ya fedha za uendeshaji zilizotengwa kwa ajili yao. Zilizobaki zilipotea njiani. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipolichunguza jambo hilo na serikali ikaanza kuchapisha katika magazeti kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule kubandika walichopokea, sehemu iliyofika ilipanda hadi zaidi ya asilimia 80 mwaka 2001. Hapakuhitajika fedha mpya. Palihitajika mzazi ajue namba. Katika kamati ya wazazi ya shule anakosoma mtoto wangu nimeomba mara tatu fungu la serikali liandikwe mlangoni kwa chaki, tarehe na kiasi, na nitaomba mara ya nne.

Wenzetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, ambao wana shaba kama sisi na ambao waliona hospitali za migodi zikifungwa kama sisi, waliondoa malipo ya zahanati za vijijini mwaka 2006. Mwaka 2022, serikali ya Hakainde Hichilema ilipofanya sekondari kuwa bure, nchi ikiwa bado katika mazungumzo ya deni lililoishinda kulipwa tangu Novemba 2020, iliajiri mwaka huohuo walimu zaidi ya 30,000. Madarasa yao yamejaa pia, na malalamiko yapo. Lakini mwalimu na mtoto waliwekwa katika hesabu moja, na shangazi yangu wa Chililabombwe ananiambia kwamba wajukuu zake hawajafukuzwa hata siku moja.

Hapa Katuba tumejaribu tulichoweza. Akina mama ishirini na wawili wa avenyu yetu walikuwa na likilimba (mchezo wa kuchangiana fedha) ya kawaida, kila juma mmoja anapokea. Miaka mitatu iliyopita wakatenga fungu la ugonjwa, mama yangu akapewa kuandika daftari lake. Mwaka wa kwanza fungu lilidumu hadi Januari. Mvua zilipokaza, homa iliingia katika nyumba sita kwa juma moja, na fedha zikaisha kabla ya nyumba ya nne. Niliwaeleza kwamba hawakukosea: watu ishirini na wawili wa mtaa mmoja huumwa na mbu walewale kwa wakati mmoja, kwa hiyo hawawezi kubebana vizuri, ndiyo sababu mfuko wa namna hiyo hutaka watu wengi wa mahali pengi, wa mkoa na wa nchi, ambao mvua na migodi na mishahara yao haifanani. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakafanya lililokuwa katika uwezo wao: sasa wanachanga maradufu tangu Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi, na wameungana na avenyu mbili za komine ya Kenya na moja ya komine ya Kamalondo, hapahapa mjini. Wako themanini na tisa. Mwaka jana fungu lilivuka mvua zote, likalipia homa, minyoo, vichomi na serumu (dripu) za watoto. Kwa kujifungua kwa kupasuliwa, hata wakitoa yote yaliyomo, halifiki nusu ya bili.